Mizani ya Mulonde

Mizani ilifika kabla ya watoto,
mwaka wa hamsini na sita, juu ya lori la kampuni,
imefungwa kamba pamoja na mbuzi wawili
na vitanda arobaini vya chuma.
Watu wa Mulonde wakauliza: mnanunua mahindi?
Mzungu wa kaye akajibu: hapana,
tunakuja kupima watoto.
Walicheka mpaka jioni.

Basi tukapimwa,
wana wa kiwanda na wana wa reli,
tuliotoka mjini na moshi wa bomba kifuani.
Tulipanda mmoja mmoja, miguu mitupu,
baridi ya mwezi wa saba ikituuma nyayo.
Kaumba Plasidi, kilo kumi na tisa.
Mujinga Leontina, ndiye mimi,
kumi na saba na nusu.
Baada ya majuma matatu tukapandishwa tena
na tofauti ikaandikwa kwa wino mwekundu,
kama faida.

Nani alitunenepesha? Kaye haisemi.
Haimtaji Mama Chola, aliyesonga bukari
kwa mwiko mrefu kuliko mimi.
Haiwataji wavulana wa kijiji
waliotufundisha kufukua panya wa shamba,
kutafuna mzizi wa munkoyo,
kunusa moto wa nyika na kujua unaelekea wapi.
Wao walisimama nje ya uzio wa matete
wakitutazama tukihesabiwa.

Usiku mmoja Ngosa, mwana wa Mama Chola,
aliruka uzio. Nilimshikia taa.
Akapanda, akabana pumzi, akajifanya mzito.
Kumi na sita.
Kalamu ilikuwa imefungiwa kabatini.

Kisha mwaka mmoja lori halikuja.
Mwaka mwingine likaja limejaa askari,
wakalala vitandani mwetu na viatu vyao.
Kurasa hizo ni nyeupe; panya wamezisoma pembeni.

Nikarudi nikiwa monitrisi, filimbi shingoni,
enzi za majina kufutwa:
Leontina akapigwa mstari, Mujinga akabaki.
Maziwa ya unga, sardini, gwaride asubuhi,
na wino mwekundu: mbili, mbili na nusu, tatu.
Miaka hiyo niliamini kaye kama Biblia.

Halafu mishahara ikachelewa,
ikachelewa tena, ikasahau njia.
Watoto wakaja na sahani zao,
na unga wao umefungwa kwenye kitenge cha mama.
Sifuri. Sifuri. Robo.
Mwaka wa tisini na tatu, mstari wa mwisho,
mwandiko wangu mwenyewe:
Kabwiz, miaka minane, amepungua kilo moja.
Chini yake: *Analia kila usiku. Anasema,
mimi niko nakula huku, mama eko anakula nini?*
Sikumjibu. Nilifunga kaye
nikaondoka nayo chini ya koti.

Mwezi wa saba huu nimerudi,
barabara ya Kasenga, vumbi mpaka kwenye kope.
Vitanda viligeuka milango ya mabanda ya kuku.
Mizani ipo. Ngosa anapimia makaa,
kichwa kimetoka upara, mikono myeusi hadi viwiko;
magunia yanaingia mjini kila alfajiri.
Nilitafuta miti tuliyojificha nyuma yake.
Akasema: usitafute, umeshaipikia.

Akaniambia nipande. Nikavua viatu, kwa mazoea.
Sitini na moja.
Akapiga mluzi: kampuni ingefurahi!

Nikafungua ukurasa wa kwanza,
chini kabisa, penye nafasi ya kidole kimoja,
nikaandika kwa biki ya bluu, maana nyekundu sikuwa nayo:
Ngosa, mwana wa Chola. Kumi na sita.
Na uzito wa kuondoka? nikamuuliza.
Alikuwa ameshainama kwenye gunia la mteja,
akisukuma kijiwe cha mizani taratibu, nukta kwa nukta.

Mimi, akasema, sikuondoka.